Kidhibiti kikifa, treni isimame au ikimbie? Kisa cha reli ya mfano Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Majina ya shule, ya mwalimu, ya wanafunzi na ya mzee aliyetupa treni nimeyaacha, na mambo madogo mawili matatu nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Sehemu tulizotumia na makosa tuliyofanya nimeyaeleza kama yalivyokuwa. Mimi ni fundi wa elektroniki. Riziki yangu inatoka kwenye redio, amplifaya na inveta za sola. Ninamwandikia fundi mwenzangu, au mwalimu wa sayansi, anayetaka kuunda kidhibiti mwendo cha treni ndogo kwa mikono yake badala ya kuagiza ng'ambo.

Usuli

Mzee mmoja mstaafu wa reli aliletewa seti ya treni ya mfano na mwanawe anayeishi Uingereza: vichwa viwili, mabehewa sita na reli za kutosha kuzunguka meza mbili za darasani. Kidhibiti kilichokuja nayo kilikuwa cha kizamani, cha waya wa kukinza umeme, na transfoma yake iliungua kabla treni haijamaliza wiki. Alikileta kibandani kwangu kikiwa ndani ya mfuko wa sukari. Nilimwambia transfoma inaweza kusukwa upya. Akasema hapana, afadhali vijana wa klabu ya sayansi waunde kingine, na treni yenyewe wabaki nayo. Sharti lake lilikuwa moja: waitengenezee njia ya kutoka Nakuru hadi Kisumu, ile aliyofanyia kazi.

Njia hiyo si ya mchezo. Reli ilifika hapa, wakati huo pakiitwa Port Florence, Desemba 1901. Kutoka Nakuru inapanda Njoro na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka Londiani, Fort Ternan na Muhoroni mpaka ziwani, kwenye mita 1,130 hivi. Vijana hawangeweza kuijenga kwenye meza tambarare. Walikata mbao wakaipa mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita. Mteremko huo ndio ulioamua kila kitu kilichofuata.

Treni ya aina hii hupata umeme kwenye reli zenyewe, volti 12 za mkondo mnyoofu. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi, magurudumu yanauchukua umeme na kuupeleka kwenye mota. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Ukipunguza volti, inapunguza mwendo. Kidhibiti cha waya hupunguza volti kwa kuweka ukinzani njiani, na hapo ndipo tatizo lake lilipo: kadiri mota inavyovuta mkondo mwingi zaidi, ndivyo waya unavyoila volti zaidi. Treni ikianza kupanda inahitaji nguvu, na kidhibiti kinainyima papo hapo. Ikishuka inahitaji kuzuiwa, nacho kinaiongezea. Mzee alikuwa amegundua hilo kwake sebuleni kabla sijalieleza.

Alikuja na rula siku ya kwanza. Akapima upana wa reli: milimita 16.5. Seti hiyo imeundwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, na reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo ingepaswa kuwa kama milimita 13. Akatikisa kichwa. “Hii si ya kwetu, wanangu. Lakini wacheni tu, itafika.”

Kabla ya kukata waya wowote nilipima mkondo wa kichwa kimoja. Kwenye tambarare kilivuta ampea 0.3. Kikipanda na mabehewa matatu, 0.45. Nikikishika kwa mkono magurudumu yasizunguke, 0.9. Mwalimu aliandika namba hizo tatu ubaoni na zikakaa pale muhula mzima. Namba ya nne, ya mkondo unaopita reli mbili zikigusanishwa na kipande cha chuma, sikuipima wala sikuiwazia.

Kidhibiti cha kwanza

Tulianza na LM317, chipu ya kudhibiti volti, kwa sababu kila fundi anayo kwenye droo. Inahitaji resista moja, voliumu moja (resista ya kuzungusha kwa mkono), kapasita mbili na kipande cha alumini cha kupoza. Inatoa kuanzia volti 1.25, inahimili ampea 1.5, na mkondo ukibadilika volti zake hazitikisiki, kwa hiyo mlimani treni haikati tamaa. Umeme tuliutoa kwenye chaja ya laptopu ya volti 19, kwa kuwa chaja za namna hiyo zimejaa mjini na hazina kazi.

Treni ilipanda vizuri. Baada ya dakika tano hivi ikasimama yenyewe katikati ya mlima, ikakaa kimya, kisha ikaondoka bila mtu kugusa kitu. Vijana wakasema reli ni chafu. Wakazifuta kwa spiriti mara tatu. Mimi pia niliwaamini kwa siku mbili, jambo ambalo fundi wa umri wangu hakupaswa kulifanya, maana dalili ilikuwa wazi: kitu kinachokufa kikipata moto na kufufuka kikipoa hakina uhusiano na uchafu. LM317 hujizima yenyewe ikizidi joto. Piga hesabu. Volti 19 zinaingia, 6 zinatoka, 13 zinabaki ndani yake. Zizidishe kwa ampea 0.35 na unapata wati 4.5 za joto tupu, kwenye kipande cha alumini kisichozidi kiberiti. Na treni ikienda polepole zaidi, joto linaongezeka. Kwa kuwa klabu nzima ilitaka treni iingie stesheni taratibu, tuliona tutafute njia nyingine.

Kidhibiti cha pili

Njia nyingine ni kuacha kupunguza volti na badala yake kuukata umeme vipande vipande. Mota inapewa volti 12 kamili kwa muda mfupi, inanyimwa, inapewa tena, mara nyingi kwa sekunde. Ukitaka mwendo zaidi unarefusha kipindi cha kupewa. Swichi inayofanya kazi hiyo ama imefunguka kabisa au imefungwa kabisa, kwa hiyo joto ni kidogo.

Tulitumia NE555, chipu inayotoa mapigo, dayodi mbili ndogo, voliumu ya kilo-omu 100 na mosifeti ya IRFZ44N, transista inayofanya kazi ya swichi, tukageuza mwelekeo kwa swichi ya miguu sita. Chaja ya laptopu tuliiweka kando, kwa sababu NE555 haivumilii zaidi ya volti 16 na mota ni ya volti 12; tukachukua adapta ya volti 12, ampea 5, ya kamera za ulinzi. Sambamba na mota, lakini kabla ya swichi ya kugeuza, tukaweka dayodi ya 1N4007 iwe njia ya mkondo unaobaki kwenye mota kila umeme unapokatwa, maana bila dayodi mkondo huo unageuka volti kubwa inayoipiga mosifeti.

Uamuzi mmoja ulizua mjadala mzuri. Mapigo yawe mangapi kwa sekunde? Kapasita ya nanofaradi 100 ilitupa kama mapigo 144. Ya nanofaradi 1 ilitupa zaidi ya elfu 14. Kwa kapasita ndogo treni ilikuwa laini lakini ilipiga mluzi mwembamba uliowakera vijana wenye masikio mazuri (mimi sikuusikia), na kwenye mwendo wa chini ilikuwa ikikwama kisha kuruka. Kwa kapasita kubwa ilinguruma, lakini kila pigo liliipa mota msukumo wa kushinda msuguano, ikaweza kutambaa kama konokono. Mzee akasema inanguruma kama dizeli ikisubiri ishara Londiani. Tukabaki na 144. Kwa mapigo machache hivyo 1N4007 inatosha; ukipanda kwenye maelfu tafuta dayodi ya haraka. Na kama kichwa chako kina mota ndogo isiyo na kiini cha chuma, usiipe mapigo mazito ya aina hii, itachemka. Zetu zilikuwa na kiini.

Kisha tukaijaribu kwa shoti. Kijana mmoja aliweka bisibisi juu ya reli mbili, mimi nikiangalia. Taa ya adapta ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka. Akatoa bisibisi, treni ikaendelea na safari. Tukafanya hivyo mara nne. Mosifeti ilikuwa vuguvugu tu. Nikawaambia vijana: “Hiki sasa kimekomaa.” Mmoja wao, binti wa kidato cha pili, aliuliza fyuzi inakaa wapi. Nikamjibu haihitajiki, umeona mwenyewe kinajikinga.

Siku ya wazazi

Jumamosi ya wazazi, saa nne na nusu asubuhi, stima ikapotea. Ukumbi ulikuwa umejaa na mzee alikuwa amekaa safu ya mbele amevaa koti. Mwalimu alikumbuka betri ya gari iliyokuwa inaendesha taa za sola ofisini. Tukaibeba. Niliangalia multimita: volti 12.6. Nikasema, “Volti ni zile zile,” nikafunga waya.

Kwa robo saa mambo yalikuwa mazuri mno. Halafu kichwa cha kwanza kikafika pale njia inapogawanyika kabla ya Muhoroni, gurudumu moja likaacha reli, kichwa kikalala upande na vyuma vyake vikaunganisha reli mbili.

Hakuna kilichozima. Nilisikia kwanza harufu, ile ya plastiki ya waya inayoanza kulainika, kisha nikaona moshi mwembamba ukitoka kwenye kisanduku. Kijana aliyekuwa anaendesha alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alizungusha voliumu hadi sifuri, akainua kichwa, akakifuta kwa shati, akakirudisha kwenye reli. Kikafyatuka mkononi mwake. Voliumu ilikuwa sifuri na treni ilikuwa inakwenda kwa nguvu zake zote, ikateremka mlima wote, ikafika pinde ya mwisho upande wa Kisumu, na haikupinda. Ilianguka kwenye sakafu ya saruji. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukumbi mzima ulinyamaza.

Mzee aliinuka akaiokota mwenyewe. Ekseli ya mbele ilikuwa imepinda na bomba la moshi limevunjika. Aliigeuza geuza mkononi kama mtu anayemtazama kuku mgonjwa. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote: “Fundi, kwenye treni ya kweli bomba la breki likikatika, treni inasimama. Hiki chenu kikiharibika, treni inakimbia. Kwa nini mmekijenga hivyo?”

Sikuwa na jibu. Swali lile limekaa nami hadi leo, na kila ninapofungua kifaa cha mtu siku hizi huwa najiuliza kitafanya nini kikifa.

Kilichoonekana tulipofungua

Mosifeti ilikuwa imevimba kidogo uso wake, na ufa mwembamba kama unywele ulipita katikati. Multimita ilionyesha miguu miwili inayopitisha mkondo imeungana moja kwa moja, kwa pande zote mbili, kama kipande cha waya. Mosifeti nyingi zikifa kwa kuzidiwa hufa hivyo: zinabaki zikipitisha umeme. Ndiyo maana voliumu haikuwa na maana tena. Swichi ilikuwa imeganda kwenye “endelea”.

Adapta ya kamera ina ulinzi wake ndani. Mkondo ukizidi inajikata, inajaribu tena, inajikata. Ndicho tulichokiona na bisibisi, na sifa yote tukaipa saketi yetu. Betri ya gari haina huruma hiyo. Volti ni zile zile, kweli, lakini kinachoweza kutoka nyuma ya volti hizo ni mamia ya ampea, na kilichouzuia mkondo siku ile ni ukinzani wa nyaya zetu nyembamba peke yake. Kwa hesabu yangu, zaidi ya ampea 30 zilipita kwenye mosifeti isiyo na alumini ya kupoza. Tuliiacha alumini makusudi, kwa sababu kwa ampea 0.45 haikuhitajika.

Kidhibiti cha tatu

Wiki iliyofuata mzee alikuja klabuni bila kualikwa. Nilidhani amekuja kuchukua treni yake. Alikuja na kichwa kikiwa na ekseli iliyonyooshwa, na wazo. Dereva wa treni, akatueleza, kwenye injini nyingi huwa na kitu lazima akishikilie muda wote. Akizimia au akilala, mkono unalegea na treni inasimama. Tuwekeeni hicho.

Tuliongeza vitu vinne. Fyuzi ya ampea 5, sentimita chache kutoka betri, ili hata waya wenyewe ukichubuka ulindwe. Kipande cha alumini kwenye mosifeti. Balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, kwenye njia ya umeme kwenda kwenye reli. Na kitufe cha kengele ya mlango kwenye waya huo huo, cha kushikiliwa kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia unazungusha voliumu.

Balbu hiyo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ni ya bei ya chini kuliko vyote na ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ikiwa baridi, uzi wake una ukinzani usiofika omu moja, kwa hiyo treni ikivuta ampea 0.3 haisikii chochote. Shoti ikitokea, uzi unapata moto mara moja, ukinzani unapanda hadi kama omu 7, na mkondo unatulia kwenye ampea 1.75 hivi hata nyuma yake kuwe na betri ya lori. Na inawaka. Huhitaji kumweleza mtoto kwamba kuna shoti. Tungeweza kujenga saketi ya transista ya kupima mkondo, na nilikuwa tayari nimeichora. Niliiacha, kwa sababu ingetegemea mosifeti ile ile kuizima, na swali la mzee lilikuwa ni nini kitatokea mosifeti ikiwa imekufa.

Tulijaribu kwa betri, si kwa adapta. Bisibisi juu ya reli, voliumu juu kabisa: balbu ikawaka nyeupe, mosifeti ikabaki ya kushikika kwa vidole baada ya dakika mbili. Kisha nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilichukua ile mosifeti iliyokufa, nikailehemu mahali pa nzima, nikamwambia yule binti wa kidato cha pili aendeshe. Treni ikafyatuka. Akaachia kitufe. Ikasimama kabla ya pinde.

Uchambuzi

Kosa la kwanza nililitenda ubaoni, wiki nyingi kabla ya moshi. Namba tatu tulizopima zote ni za treni inayofanya kazi au inayojaribu kufanya kazi. Kidhibiti hakiumizwi na hizo. Kinaumizwa na treni iliyolala upande, na katika reli ya mfano hilo si ajali ya nadra, ni jambo la kila alasiri.

La pili ni kubadilisha chanzo cha umeme bila kujaribu upya. Tulijaribu mara nne, kwa uangalifu, mbele ya mashahidi, lakini tulichojaribu kilikuwa adapta. Kwetu huku, ambako stima hupotea na kila mtu ana betri pembeni, nadhani hili litawakuta wengi: kifaa kilichojaribiwa ukutani kitaishia kwenye betri siku yenye watu wengi zaidi. Jaribu kwa chanzo kikali kuliko vyote kitakachowahi kufungwa.

La tatu linaniuma zaidi. Mtoto aliuliza swali sahihi nami nikalizima kwa sauti ya fundi mkuu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na jaribio la mosifeti mfu nikampa yeye kwa sababu hiyo.

Yaliyofaa yapo pia. Kutoka LM317 kwenda kwenye mapigo ulikuwa uamuzi mzuri na bado ninausimamia: mlima wa sentimita 3 kwa mita unapandwa bila mtu kugusa voliumu sana. Kupima mkondo kabla ya kununua sehemu kulituokoa kununua vitu vikubwa bure. Na kumweka mzee wa reli chumba kimoja na vijana wa elektroniki kulitoa kile ambacho hakuna mmoja wao angekitoa peke yake. Mimi najua mosifeti hufa ikiendelea kupitisha umeme tangu nilipokuwa mwanagenzi, lakini sikuwahi kuliunganisha hilo na breki.

Udhaifu uliobaki ni miwili. Voliumu ikiwa chini, mapigo ni mafupi, na shoti ikitokea balbu inakuwa nyekundu hafifu. Mchana ukumbini hauioni. Mkondo bado ni salama, lakini onyo linapotea. Tumeifunika kwa kopo jeusi lenye tundu na imesaidia kiasi. Wa pili niliukuta mwezi uliofuata nilipopita klabuni bila taarifa: kitufe kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, ili dereva apate mkono wa kupanga mabehewa. Sikugombana naye. Kitufe kilikuwa kigumu na kidole cha mtoto kinachoka. Kosa la ubunifu lilikuwa langu. Tumekihamishia sakafuni, kikanyagwe kwa mguu, chini ya kipande cha ubao chenye springi iliyotoka kwenye godoro kuukuu. Mzee alikikanyaga mara tatu, akasikiliza treni ikianza na kusimama, akavuta kiti, akasema sasa ataipeleka yeye mwenyewe mpaka Mau Summit.